Namna ya kuripoti ugonjwa wa kuambukiza ukiwa zahanati ya kisiwani: mwongozo kwa mhudumu mpya Lamu

Kila wanapoletwa wahudumu wapya huku kwetu, simu yangu huanza kulia, na maswali ni yale yale. "Dada, nisubiri majibu ya maabara kwanza au niripoti?" "Wiki hii sikuona mgonjwa hata mmoja, nipeleke fomu tupu?" "Sampuli iko tayari lakini boti imeshaondoka, nifanyeje?" Nimeyajibu usiku, nimeyajibu nikiwa sokoni, na sasa nayaandika ili uwe nayo mkononi wewe muuguzi au afisa wa tiba uliyepangiwa Kizingitini, Siyu, Ndau, Kiwayu, au bara kule Kiunga, Basuba na Witu.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote: unaloripoti ni shaka. Kuthibitisha ni kazi ya maabara. Mimi nililijua hili darasani, lakini nililielewa nilipochelewa. Miaka ya nyuma, katika zahanati moja, nililetewa mtoto aliyelegea mguu. Nikaona nimtazame kwanza siku mbili tatu, nisije nikawasumbua wakubwa bure. Siku mbili zikawa wiki. Choo chake kilipochukuliwa, siku 14 zilikuwa zimepita na ile sampuli haikuweza tena kutoa jibu la kutegemewa. Mtoto yule mpaka leo hatujui alipatwa na nini. Sitaki yakukute.

Kabla ya kuanza

Siku yako ya kwanza kazini, kabla hujaona mgonjwa, hakikisha una vitu hivi:

- Namba ya simu ya afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo yako, Lamu Mashariki au Lamu Magharibi, na ya msaidizi wake. Ziandike ukutani, usiziweke kwenye simu yako peke yake. Simu huisha chaji, huanguka majini, na wewe huenda likizo.
- Fomu tatu: MOH 502 ya mgonjwa mmoja mmoja, MOH 503 ya orodha ya wagonjwa wakiwa wengi, na MOH 505 ya ripoti ya kila wiki. Weka nakala za kutosha.
- Karatasi ya ufafanuzi wa kesi, ile inayotaja dalili za kila ugonjwa wa kuripotiwa. Ibandike pale unapokaa kuona wagonjwa.
- Vichupa vya choo vyenye kifuniko cha kuzungusha, swabu pamoja na mirija ya Cary-Blair (ute maalumu unaotunza vijidudu vya choo njiani), na mirija ya damu yenye kifuniko chekundu. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi leo hii.
- Kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu, na kipimajoto kinachofanya kazi. Kile cha chanjo kisitumike kwa choo. Omba cha pili.
- Glavu, klorini, chumvi za kuongeza maji mwilini, vidonge vya zinki, vitamini A.
- Namba za wahudumu wa afya ya jamii, za chifu, na za manahodha wawili au watatu. Manahodha usiwasahau, nitakueleza sababu.

Hatua kwa hatua

1. Linganisha mgonjwa na ufafanuzi wa kesi.

Hapa ndipo wengi hukwama kwa kufikiri kwamba lazima wawe na uhakika. Yatazame haya manne, maana ndiyo yanayoweza kukupita ukiwa peke yako na foleni ndefu mlangoni.

Kupooza kwa ulegevu: mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu umelegea ghafla. Mripoti hata kama mama anasema ulegevu ulianza baada ya sindano. Mripoti hata kama moyoni una hakika si polio. Katika kila watu 200 walioambukizwa polio, ni kama mmoja tu anayepooza, kwa hiyo mtoto mmoja akilegea kwa polio jua virusi vimeshapita kwa wengi wasioonyesha kitu. Mwaka 2013 polio iliyozuka Somalia ilivuka hadi Garissa, nasi Garissa ni jirani yetu wa mpaka. Mtu wa umri wowote ukimshuku polio, naye mripoti.

Surua: homa na upele usio na maji ndani, pamoja na kikohozi, au mafua, au macho mekundu. Ukiona malengelenge yenye maji, hiyo yaelekea kuwa tetekuwanga. Uliza kwa upole, kwa sababu wako wazee wanaoamini mtoto wa surua hatolewi nje mpaka upele uote wote. Mama aliyemleta huenda ameshagombana na mtu nyumbani kabla ya kufika kwako.

Kipindupindu: mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, ni mtu wa miaka 2 au zaidi anayehara majimaji na kuishiwa maji vibaya, au aliyefariki kwa kuhara majimaji. Mlipuko ukishatangazwa, anayehara majimaji ghafla yeyote anahesabiwa.

Pepopunda ya mtoto mchanga: alinyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na mwili ukakakamaa.

Orodha ina mengi zaidi: homa yenye kutoka damu, homa ya uti wa mgongo, kichaa cha mbwa, homa ya manjano, kimeta, mpox na mengine. Soma karatasi iliyo ukutani.

Lakini ugonjwa hauji kila mara na jina lake. Mwaka 2004 homa ya viungo ilienea Amu, yaani kisiwa cha Lamu chenyewe. Kwa macho ilikuwa homa tu, na hapa kwetu kila homa huitwa malaria kwanza. Ilikuwa chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa, watu kama 13,500. Mwaka ule ule ikafika Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion. Ulikuwa wakati wa ukame, maji yakawekwa majumbani kwenye mapipa na mitungi bila kubadilishwa mara kwa mara, na mbu wakazaliana humo. Wazee wetu walioweka samaki wadogo ndani ya birika la kuhifadhia maji ili wale viluwiluwi walijua walifanyalo.

Kwa hiyo ukiona watu kadhaa wa mtaa mmoja wana homa, vipimo vya malaria vinarudi hasi, na wote wanalalamika viungo, hilo ni tukio la kuripotiwa ingawa halina jina. Vivyo hivyo vifo viwili vya ghafla nyumba moja. Vivyo hivyo mfugaji wa sehemu za Witu au Hindi, huko bara kwetu, akikwambia mbuzi na ng'ombe wanaharibu mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa: hiyo ndiyo sura ya homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyokuwa Garissa na Tana River mwishoni mwa 2006 na mwanzo wa 2007. Mwambie asichinje aliyeumwa wala asishike kilichotoka tumboni kwa mikono mitupu, kisha wapigie watu wa mifugo na afisa wako.

2. Mtibu na umtenge.

Ripoti haizuii tiba. Anayehara aanze kunywa maji ya chumvi hapo hapo. Aliyezidiwa awekewe dripu bila kungoja lolote. Mtoto wa chini ya miaka 5 apewe zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya miezi 6 miligramu 10. Mwenye surua apewe vitamini A leo na kesho: yuniti 50,000 kama hajafika miezi 6, 100,000 kuanzia miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Mtoto aliyelegea usimdunge sindano isiyo ya lazima.

Kuhusu kumtenga: zahanati nyingi zetu zina chumba kimoja na kibaraza. Kibaraza kinatosha. Mwenye surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake, naye akikaa kwenye benchi moja na watoto waliokuja kupimwa uzito umezaa surua nyingine. Mtoe nje upepo upite, mwone kwanza, aondoke.

3. Piga simu.

Magonjwa ya kuripotiwa mara moja yana saa 24 tangu uliposhuku. Piga simu kwanza, karatasi baadaye. Sema mambo haya tu: wewe ni nani na uko wapi, unashuku nini, mgonjwa ana umri gani, dalili zilianza lini, anatoka kijiji gani, yuko katika hali gani, na kama wako wengine. Kisha andika kwenye daftari saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakutaka uarifu. Daftari hilo ndilo ushahidi wako kwamba ulifanya.

Tahadhari: usiweke jina la mgonjwa, picha yake wala nyumba yake kwenye kundi la WhatsApp. Kisiwa ni kidogo. Jina likitajwa asubuhi, adhuhuri familia imeshanyooshewa vidole, na mgonjwa wa pili hatakuja kwako.

4. Jaza MOH 502.

Fomu ni ndefu lakini sehemu tatu ndizo hurudishwa kwa makosa. Ya kwanza ni tarehe ya kuanza dalili, ambayo wengi huijaza tarehe ya kumwona mgonjwa. Mama akisema "siku nyingi kidogo," msaidie akumbuke kwa mambo anayoyajua: "Mama, ilikuwa kabla ya Ijumaa au baada yake? Baba yake alikuwa baharini au amesharudi?" Utapata tarehe. Ya pili ni chanjo: andika ulichokiona kwenye kitabu cha mama na mtoto. Kama kitabu hakipo, andika kwamba ni maneno ya mama. Ya tatu ni safari. Uliza alikolala siku zilizopita, nani alikuja kuwatembelea, na kama walihudhuria harusi, mazishi au Maulidi. Watu wetu wanavuka kila siku kati ya Pate, Amu na Mokowe upande wa bara, na wengine hadi Malindi na Mombasa. Hawayaiti hayo safari. Usiulize "umesafiri?" Uliza "ulilala wapi?"

5. Chukua sampuli.

Kila ugonjwa una namna yake, na kuchanganya namna hizi ndilo kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona.

Choo cha aliyelegea: sampuli mbili, zenye saa 24 hadi 48 kati yake, zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu ulipoanza. Kila moja iwe kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima. Ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu dakika ya kwanza hadi inapofika maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, Nairobi. Ikipata joto njiani, virusi vinaweza kufa na jibu litasema hakuna kitu ilhali kilikuwepo.

Choo cha anayeshukiwa kipindupindu: kabla hujampa antibiotiki, chovya swabu kwenye choo kibichi au ichukue kwenye njia ya haja, iingize ndani ya Cary-Blair hadi chini, vunja kijiti, funga. Hii usiiweke kwenye friji. Inakaa kivulini kwenye joto la kawaida la chumba. Choo kisichowekwa Cary-Blair chafaa tu kikifika maabara ndani ya saa 2, na kutoka Kiwayu hakuna chombo kitakachokufikisha kwa muda huo.

Damu ya anayeshukiwa surua: mililita 5 kwenye mrija wa kifuniko chekundu, ndani ya siku 28 tangu upele ulipotoka. Kama huna mashine ya kuzungusha, simamisha mrija wima kwenye friji mpaka maji ya damu yajitenge juu, yahamishe taratibu kwenye mrija safi. Damu nzima usiigandishe na usiitikise.

Andika jina, namba ya kesi, na tarehe kwenye mrija wenyewe kwa kalamu isiyofutika. Kifuniko usikiandike, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

6. Ivushe sampuli.

Vitabu vya mafunzo huandika "tuma sampuli" kama kwamba kuna gari mlangoni. Sisi tuna maji. Anza na saa za kujaa na kupwa: maji yakipwa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunaopitia, haupitiki vizuri, na boti za abiria kutoka Faza, Kizingitini na Mtangawanda huondoka kwa kufuata maji. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, chombo kinaweza kukosekana siku nzima. Ndiyo maana nilisema uwe na namba za manahodha. Mpigie nahodha kabla hujachukua sampuli, umuulize anaondoka lini, halafu panga saa ya kuchukua kulingana na jibu lake.

Funga hivi: mrija ukazwe, uzungushiwe pamba ya kutosha kunyonya ukivuja, uingie mfuko wa plastiki wa kwanza, kisha chombo kigumu, kisha kisanduku. Fomu iwe kwenye mfuko wake peke yake juu ya kifuniko, maana mawimbi hayabagui karatasi. Kisanduku kikae kivulini, mbali na injini. Mkabidhi mtu unayemjua, mpigie anayepokea upande wa pili, na usitulie mpaka akwambie kipo mkononi mwake. Sampuli ya kupooza inatakiwa ifike maabara ndani ya siku 3 tangu itumwe, kwa hiyo ukisikia imelala Mokowe, uliza kwa nini.

7. Tafuta wengine.

Siku hiyo hiyo rudi kwenye rejista, kurasa za mwezi mmoja nyuma, utafute dalili zinazofanana. Mara nyingi utamkuta mmoja aliyeandikwa "malaria" au "upele" akarudishwa nyumbani. Kisha tuma wahudumu wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba kuzunguka nyumba ya mgonjwa. Waliopatikana wote waandike kwenye MOH 503, mstari mmoja kila mtu.

Pita pia kwa wenye maduka ya dawa. Mtu mwenye kuhara huanzia dukani, na muuzaji atakwambia kama wiki hii dawa za tumbo zimekwisha haraka. Pita kwa mwalimu wa shule na wa madrasa, uwaulize ni watoto wangapi hawakuja. Nimewahi kupata habari za kweli kwa mwalimu wa madrasa siku mbili kabla hazijafika zahanati.

8. Kila Jumatatu asubuhi, peleka ripoti ya wiki.

Wiki yetu huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Hesabu kutoka rejista, jaza MOH 505, itume kwa afisa wako ili aiingize kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya. Namba ya wiki ichukue kwenye kalenda ya ofisi, usiihesabu kwa kichwa.

Kama hukuona mgonjwa, andika 0. Usiache wazi, usichore mstari. Nafasi tupu haisemi kama hakukuwa na ugonjwa, au hukutazama, au zahanati ilifungwa. Sifuri inasema: nilitazama, sikuona. Na sifuri iandikwe baada ya kufungua rejista kweli. Sifuri ya kukisia ni uongo, tena uongo huo hulala kimya mpaka mlipuko uwe mkubwa.

9. Fuatilia.

Aliyelegea aonwe tena siku ya 60 tangu ulegevu uanze, kutazama kama udhaifu umebaki. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda leo, pamoja na namba ya jamaa wa pili, kwa sababu familia za wavuvi huhama na msimu.

Ukikwama

Mtandao haupo. Tafuta mahali palipo na mawimbi ya simu. Kila kijiji kina pake, watu wanapajua. Usipopata, andika ujumbe kwenye karatasi, mkabidhi nahodha au polisi wenye redio, na ujaribu simu tena kila baada ya saa chache. Ile saa 24 haisimami kwa sababu mtandao umekatika.

Afisa hapokei. Mpigie msaidizi, kisha ofisi ya afya ya kaunti. Hakuna atakayekulaumu kwa kuwaruka wakubwa kwa jambo la dharura.

Huna mirija wala Cary-Blair. Ripoti hivyo hivyo na useme vifaa havipo; afisa ataleta au atakuja mwenyewe. Kukosa kichupa si sababu ya kukaa kimya.

Familia inakataa kutoa damu au choo. Usibishane na usitaje polisi. Keti na mwenye kauli nyumbani, mara nyingi bibi au mjomba, umweleze kwa Kiswahili cha nyumbani kinachochukuliwa ni kiasi gani na kinapelekwa wapi. Imamu au mzee wa mtaa akikusindikiza, mlango hufunguka. Wakikataa kabisa, endelea kumtibu, ripoti dalili, na urudi kesho.

Mbwa au paka amemng'ata mtu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kabla ya kuandika chochote, kisha simu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Amu paka ni wengi na wanapendwa, na mng'ato wao huchukuliwa kuwa kitu kidogo. Usiuchukulie hivyo.

Sampuli ya kwanza imekwenda, ya pili mtoto haendi haja. Subiri naye, mpe vinywaji, mama abaki na kichupa na glavu nyumbani, mhudumu wa jamii apite asubuhi na jioni. Siku ya 14 ikipita bila ya pili, chukua ikipatikana na uandike siku halisi. Usirudishe tarehe nyuma.

Majibu yamerudi hasi na watu wanakuuliza mbona uliwatia hofu. Rudi nyumbani kwa mgonjwa uwape majibu kwa mdomo wako, uwashukuru kwa kukubali, halafu uandike matokeo kwenye nakala ya MOH 502 iliyobaki kwako. Akija mtoto mwingine aliyelegea wiki ijayo, anza tena hatua ya kwanza.